Mguu wa Chausiku na Kidudu cha Taifa

Kaeni niwategee. Nilimpiga mgeni kwa fimbo. Mgeni akaila fimbo, akanenepa, akaomba nyingine. Nani huyo?

Mmeshindwa. Basi nipeni mji. Mnanipa mji mkuu? Nimeupokea, na huko huko ndiko yalikotokea.

Mgeni huyo ni kidudu cha hospitali, kile kisichoonekana kwa macho. Kinapigwa dawa jioni, asubuhi kinaamka na afya kuliko mgonjwa. Jina la nchi siwatajii. Siogopi mtu, ila wakati ule jina lilikuwa limepelekwa kubadilishwa na majibu hayajarudi mpaka leo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na hospitali mbili za serikali zinazotazamana, barabara katikati. Moja Kilimani, ya Dakta Mpangile. Moja Bondeni, ya Dakta Shebughe. Wakubwa hawa walikaa dawati moja shuleni, na tangu siku mwalimu alipomwandikia Mpangile "vizuri sana" na Shebughe akaandikiwa "vizuri" tu, hakuna aliyepata usingizi. Kilimani wakipaka lango rangi, Bondeni wanabomoa lao na kujenga mawili. Bondeni wakinunua gari la wagonjwa, Kilimani wananunua king'ora kikubwa zaidi, gari baadaye.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Nyumbani kwetu mnajua, chakula kikiiva mkubwa ndiye anayenawishwa kwanza, birika linateremka mpaka kwa wadogo. Ni adabu nzuri, nimewalea nayo. Serikali ya nchi ile iliipenda adabu hiyo ikaifanya sheria, ikaiingiza mpaka wodini. Mtumishi hanawi mikono kabla mkubwa wake hajanawa. Mfagizi anamsubiri muuguzi, muuguzi anamsubiri daktari, daktari anamsubiri Mganga Mkuu.

Na Dakta Mpangile, Mganga Mkuu wa Kilimani, hakuwapo. Alikuwa semina. Semina ya nini? Ya kunawa mikono. Alikuwa na vyeti kumi na saba vya kunawa mikono, vimetundikwa juu ya sinki la wodi, na sinki lenyewe limefungwa kwa mnyororo na kufuli, asije mtu asiye na adabu akalitumia.

Kwa hiyo mikono ilitoka kitanda cha kwanza ikaenda cha pili, ikafungua bandeji ya cha tatu, ikamshika kipaji cha uso mgonjwa wa nne. Mikono yenye heshima zake, haikuwahi kumtangulia mkubwa hata siku moja.

*

Chausiku binti Mbaruku alikuwa fundi wa kushona sare za watumishi wa serikali, kwa cherehani ya kukanyaga. Aliingia Kilimani kupasuliwa jipu chini kidogo ya goti la kulia. Ni kazi ya kuingia asubuhi ukatoka jioni. Alikwenda na kanga mbili na chupa ya chai, akamwacha mteja kibarazani akimsubiri atie vifungo.

Jipu lilipasuliwa vizuri, lakini kidonda kilikataa kufunga. Wakampa dawa, kikatoa usaha. Wakampa dawa kali zaidi, mguu ukavimba ukawa kama mchi. Bwana wa maabara akachota usaha, akaujaribu kwa dawa zote kumi na moja zilizokuwamo nchini. Kidudu kilizila zote kumi na moja, kikawa kama mtoto anayengoja kuongezewa.

Mtauliza kilijifunzia wapi ukaidi huo. Kwetu sisi. Nani kati yetu hakununua vile vidonge vya rangi mbili dukani, viwili tu, kwa ajili ya mafua? Ukipata nafuu unaviacha, vilivyobaki unampa jirani, jirani anamchanganyia kuku. Kidudu kilikuwa kinatazama. Kilionja kidogo kidogo kama mpishi anayeonja mchuzi, mpaka kikauzoea.

Dakta Mpangile aliporudi semina akasomewa majibu ya maabara. Mkuu mwingine angeshika kichwa. Huyu macho yalimng'aa, akaita waandishi wa habari, akasimama kando ya kitanda cha Chausiku na kulisafisha koo.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi kubwa zina vidudu, hilo hatukatai. Lakini vidudu vyao vinasikia dawa. Cha kwetu hakisikii. Kimezaliwa hapa, kimelelewa hapa, na watumishi wetu, kwa mikono yao wenyewe. Kuanzia leo kitaitwa Mheshimiwa Mkaazi."

Wakapiga makofi. Chausiku akauliza, "Na mguu wangu, Dakta?"

"Mguu wako, mama, ndio makazi yake," alijibu Dakta, akampa mkono. Kisha akawapa mkono wagonjwa wengine wote, mmoja baada ya mwingine.

*

Wageni wakaanza kumiminika. Maprofesa wa ng'ambo walikuja na kamera, wakavaa magauni ya kijani, wakainama juu ya kidonda kama watu wanaosoma barua. Kitanda cha Chausiku kilitundikwa pazia la lesi. Aliletewa redio. Alipelekewa supu ya kuku, wengine wakabaki na uji.

Bi Mwanamvua, aliyekuwa kitanda cha pili yake na kidonda cha kawaida cha mkononi, hakuweza kuyavumilia.

"Shoga," alimwambia, "hebu fungua hilo pazia nipate hewa. Au hewa nayo umepewa wewe peke yako?"

"Fungua tu, mwenzangu. Hata redio chukua."

"Redio sitaki. Niambukize kidogo."

"Bi Mwanamvua, una akili wewe?"

"Kidogo tu. Mume wangu hajaja tangu Idi. Jana kaja, kapita hapa kama hanijui, kaja kukutazama wewe."

Chausiku alitaka kucheka, mguu ukamkataza. Akasema, "Kitanda namba tatu alikipata kidudu bila kuomba. Yuko wapi leo?"

Bi Mwanamvua akaurudisha mkono wake chini ya shuka. Kitanda namba tatu alikuwa ameondoka Jumamosi, na namba tisa Jumapili, wote wawili bila kuruhusiwa na daktari, wamefunikwa shuka mpaka juu. Kwenye daftari la wodi waliandikwa "watoro".

Kati ya wageni wale alikuwamo mmoja aliyekuja na katoni ya dawa mpya, dawa ya kumi na mbili. Bwana wa maabara akaijaribu kwenye kisahani, na kabla ya mapambazuko Mheshimiwa Mkaazi wote waliokuwamo kwenye kisahani walikuwa wamekufa. Alikwenda mbio kumwambia Mganga Mkuu. Mganga Mkuu akaitia katoni kabatini, akafunga.

"Umeua wangapi?" aliuliza.

"Mamilioni, mzee."

"Usirudie. Hiyo dawa ni sumu. Tukimuua Mheshimiwa, nani atakuja hapa? Bondeni watatucheka."

Siku ya Jumatatu Sista Melania, muuguzi wa wodi, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda cha Chausiku, jambo ambalo masista hawakuruhusiwa.

"Nakwambia mapema, dada, usije ukaambiwa na redio," alisema. "Homa yako haishuki. Wameamua Ijumaa mguu ukatwe, juu kabisa, pajani. Utawekwa ndani ya chupa kubwa ya spiriti kwenye Makumbusho ya Taifa, ili kidudu kisipotee."

"Na ile dawa iliyokuja?"

"Ipo. Ufunguo anao yeye."

Dakta alipopita kukagua, Chausiku alimshika koti lake jeupe. "Dakta, mguu huu ndio ninaokanyagia cherehani. Nina watoto watatu wanaokula kwa mguu huu."

"Watapewa cheti," alisema Dakta Mpangile.

*

Nitege kingine? Moto wangu hauna kuni wala kiberiti, nimeuwasha kwa kumtazama jirani.

Huo ni wivu, na ulikuwa unawaka ng'ambo ya barabara. Dakta Shebughe wa Bondeni alikuwa ameweka kiti dirishani na darubini, anahesabu magari ya wageni yanayoingia Kilimani. Akila, mkono mmoja umeshika kijiko na mwingine darubini. Kila gari likiingia kwa Mpangile, aliweka kijiko chini.

"Sisi tumekosa nini?" aliwauliza wasaidizi wake. "Hatunawi, kama wao wasivyonawa. Sinki letu lina makufuli mawili. Mbona kidudu kimekwenda kwao?"

Msaidizi mmoja akasema labda ni bahati.

"Bahati haina cheo," alisema Dakta Shebughe, akavaa koti, akaenda Wizara ya Afya na Itifaki. Huko alidai kwamba Chausiku, kabla ya kwenda Kilimani, alisimama kwenye lango la Bondeni kuuliza njia. Kwa hiyo, kwa haki, mgonjwa ni wa Bondeni, na mguu ni wa Bondeni.

Waziri akaunda tume. Tume ikakaa siku moja, ikala mara tatu, ikatoa hukumu Jumatano: Ijumaa mguu ukatwe kama ilivyopangwa, kisha ugawanywe nusu kwa nusu kwenye goti. Sehemu ya juu Kilimani, sehemu ya chini Bondeni, amani idumu.

Mimi shule niliishia darasa la saba, na hesabu za kugawanya tulifundishwa kwa machungwa, mguu wa mtu hatukufika. Lakini hata mimi naona lililokuwamo. Kidonda kilikuwa chini ya goti. Bondeni walipewa kidudu, Kilimani walipewa paja.

Dakta Mpangile alipoisoma hukumu alikunywa maji glasi nne. "Paja," alikuwa akirudia korido nzima. "Wananipa paja tupu, kama mtu aliyechelewa karamu."

Usiku kucha alisoma Kitabu cha Itifaki cha serikali, kurasa mia sita, na kwenye ukurasa wa mia nne na kitu akaona alichokitaka: mwenye Daraja la Kwanza hagawanywi, hahamishwi, na kilicho chake hakitoki kwenye nyumba iliyompokea. Alhamisi asubuhi alikuwa wizarani na barua mkononi. Aliomba Chausiku binti Mbaruku, kwa kuwa ndiye anayemhifadhi Mheshimiwa Mkaazi, apewe Daraja la Kwanza. Wizara iliyokuwa imekaa miaka miwili bila kuwaletea wagonjwa magodoro ilikubali kabla chai haijapoa, kwa sababu daraja halibebwi na lori.

*

Sherehe ikawa jioni ile ile wodini. Waziri alikuja na viatu vipya. Dakta Shebughe alialikwa kwa makusudi, ili asimame na kuinama mbele ya mgonjwa aliyenyang'anywa. Alikuja amenuna. Ila alipofika kitandani uso ukambadilika. Akaushika mkono wa Chausiku kwa mikono yake miwili, akausugua mbele na nyuma, akapapasa na ukingo wa bandeji kama mtu anayechagua kitambaa.

"Hongera sana, Mheshimiwa," alisema. "Hongera tena."

Dakta Mpangile akahutubia. Alisema leo wivu wa majirani umeshindwa. Alisema kesho mguu utakatwa mzima mzima, usiguswe na mtu wa ng'ambo ya barabara, na chupa ya spiriti imeshaagizwa, kubwa kuliko ya nyoka wa makumbusho. Waziri akamvisha Chausiku tepe begani, juu ya gauni la hospitali.

Chausiku alikuwa na homa, lakini tepe ni kazi yake. Alizipapasa kwa kidole akazihesabu. Kisha akamwita Sista Melania kwa sauti ndogo.

"Hizi tano?"

"Tano, dada."

"Mganga Mkuu nilimshonea ngapi?"

Sista Melania akamtazama Mganga Mkuu begani. "Nne."

"Na Waziri?"

"Nne na nyota."

"Nyota si tepe," alisema Chausiku.

Mkuu wa itifaki akauliza, kama kitabu kinavyotaka, kama Mheshimiwa mpya ana ombi lolote, maana ombi la Daraja la Kwanza halikataliwi siku ya kuvishwa. Wote walidhani ataomba picha.

"Nina mambo matatu," alisema Chausiku. "Naomba birika na sabuni ninawe. Nikimaliza kunawa, walio chini yangu nao wanawe, kwa vyeo vyao, mpaka mfagizi. Na naomba ile katoni iliyo kabatini. Mambo ya Ijumaa yasubiri mpaka niimalize."

Bomba la wodi ya jirani lilisikika likidondosha maji. Dakta Mpangile akatabasamu upande mmoja.

"Maji yamekatika, Mheshimiwa."

"Nitasubiri yarudi. Nanyi mtasubiri, maana nadhani hakuna anayeruhusiwa kukaa wala kutoka kabla ya mkubwa."

Mkuu wa itifaki akafungua kitabu, akathibitisha. Wakasimama. Waziri akahamisha uzito kutoka kiatu kimoja kwenda kingine. Baada ya robo saa alisema kwa upole, "Dakta, hebu tazama kama maji hayajarudi." Baada ya nusu saa hakuwa tena na upole. Walileta nyundo wakavunja kufuli la sinki. Maji yalitoka ya kahawia, kisha ya manjano, kisha masafi.

Sista Melania alimletea Chausiku birika na bakuli kitandani. Akanawa taratibu, kidole kwa kidole, mbele ya serikali nzima.

"Haya," alisema, "kwa cheo."

Waziri alinawa. Ikafika zamu ya Dakta Mpangile. Alisimama mbele ya sinki, chini ya vyeti vyake kumi na saba, mikono hewani. Akainama kwa Sista Melania.

"Unaanzia wapi?" alimnong'oneza.

"Sabuni kwanza, mzee."

Baada yake wakafuata madaktari, wauguzi, bwana wa maabara, wafagizi. Foleni ilizunguka wodi mara mbili. Bi Mwanamvua naye alitaka kunawa mapema akaambiwa asubiri, akasema siku zote yeye ndiye wa mwisho, kwa supu mwisho, kwa maji mwisho. Mtu mmoja tu hakunawa. Dakta Shebughe alitia mikono mifukoni, akasema yeye si mtumishi wa hapa na kwao mkubwa ni yeye. Alitoka ameikunja mikono kifuani kama mtu aliyeficha kifaranga, akavuka barabara.

Na Dakta Mpangile, pembeni mwa sinki, akatoa ufunguo wa kabati mfukoni. Nadhani ndipo alipoelewa alichokifanya kwa kuuonea wivu mguu wa mtu.

*

Chausiku alipewa dawa ya kumi na mbili mpaka chupa ya mwisho, hakuacha hata moja, wala hakumgawia Bi Mwanamvua aliyemwomba. Ijumaa ilipita mguu ukiwa mahali pake. Ijumaa ya pili uvimbe ulishuka. Kidonda kilisafishwa kila siku kwa mikono iliyonawa, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anaita birika kila saa na hakuna aliyethubutu kubaki nyuma. Ijumaa ya nne kidonda kilifunga. Na wodini hakuna mtoro mwingine aliyeandikwa.

Wageni wa ng'ambo walikuja, wakafunua bandeji, wakaona ngozi mpya ya waridi, wakafungasha kamera. Pazia la lesi lilishushwa. Supu ikarudi uji.

Ng'ambo ya barabara bendera zilipandishwa. Dakta Shebughe alikuwa amepita vitanda vyote vya Bondeni siku ile ile ya sherehe, akimpa kila mmoja mkono, wodi ya wanaume, ya wanawake, na ya wazazi na vichanga vyao. Wiki tatu baadaye alihutubia redioni: Mheshimiwa Mkaazi amehamia penye malezi bora, na sasa hana kitanda kimoja, ana thelathini na nane.

Dakta Mpangile aliisikiliza hotuba hiyo mpaka mwisho, akaizima redio, akaiwasha tena asikie makofi. Alikuwa amenunua darubini.

Siku Chausiku aliporuhusiwa, alitoka kwa mguu wake, kanga mbili na chupa tupu ya chai mkononi, Sista Melania akimsindikiza. Kwenye lango walimkuta Dakta Mpangile na begi la nguo. Alikuwa amejikata shavuni kwa wembe, kidogo tu, panatoka damu, wala hakupafunika.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, maana tepe zilikuwa bado zake.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda semina?"

Akatazama chini. "Mguuni hakikubaki hata chembe?"

"Hakikubaki, Dakta."

"Hata kwenye bandeji ya mwisho?"

"Tuliichoma," alisema Sista Melania.

Akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara. Walimwona akifika kwenye lango la Bondeni, lile la kushoto, wakati watu wanatoka na jeneza dogo, la kubebwa na mtu mmoja mikononi. Aliwapisha. Akavua kofia, akawapa mkono wa pole, baba, mama, bibi, mmoja mmoja. Kisha akaingia, akauliza foleni ya vitanda inaanzia wapi.